Nyumba Arobaini na Moja Ukutani

Mimi nina hasira za karibu. Ukiuliza habari zangu huku Magamba utaambiwa hilo kabla hujatajiwa jina. Theopista, mwalimu wa Darasa la Tatu, yule mkali. Kwa hiyo Jumatatu moja ya Julai 1995, mwalimu mkuu wetu, Gelasius, aliponiita ofisini kuniambia nimepangiwa mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha, nilianza kuhesabu mizigo yangu. Nilikuwa na watoto arobaini na mmoja, madawati tisa na jipu kwapani. Sasa naongezewa mtu mzima wa kulea.

"Halafu si wa hapa," akasema, akapunguza sauti kama anayetaja ugonjwa wa mtu. "Ni Mrundi. Atakaa kwako."

Hakuuliza kama nina nafasi. Ndivyo alivyokuwa Gelasius.

Candide alikuwa amesimama nje ya mlango na begi lake la kitambaa, anasikia kila kitu. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa ameshuka kwenye treni ya Tabora asubuhi ileile, lakini sketi yake haikuwa na hata mkunjo mmoja, na mpaka leo sijui alifanyaje. Alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko, kichwa chini. Kabla hata sijamkaribisha akauliza: "Madamu, darasani nisimame upande gani?"

Nikamwambia asimame popote, ilimradi asimame.

Kiswahili chake alikiokota mitaani Bujumbura, na tulielewana vizuri, ila kila jambo kwake lilikuwa "niko na". Niko na njaa, niko na usingizi. Siku zile za mwanzo neno alilolisema zaidi lilikuwa "niko na woga". Alilisema kawaida tu, kama mtu anavyokwambia ana mafua.

Na woga alikuwa nao kweli. Jumanne asubuhi tulipoingia darasani, watoto wote walinyanyuka kwa mpigo, madawati yakalia, wakatamka shikamoo yao kwa sauti moja. Candide aliruka nyuma mpaka ubaoni. Alipogeuka, sweta lote lilikuwa chaki. Watoto wakacheka, nikawaangalia, wakaacha. Aliandika tarehe ubaoni, akaifuta, akaiandika tena ileile. Alipoulizwa swali alinitazama mimi kwanza nyuma ya darasa, kama mimi ndiye mwenye ruhusa ya jibu. Jamani, nilichoka. Nilirudi nyumbani nikasema moyoni, huyu hafiki Ijumaa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mkufunzi. Mwalimu Josephat, mkufunzi wa chuo chake, alikuwa anazunguka shule za wilaya akiwapima wanachuo, na kwetu angefika Ijumaa saa tatu. Jioni ya Jumanne, tukichambua maharage, Candide aliniletea karatasi iliyofungwa kwenye nailoni, ndani ya nailoni nyingine. Ilikuwa kibali chake. Mwaka 1993, mambo yalipoharibika kwao, alikimbia na mama yake wakafika kambini Kigoma. Kule padri mmoja aligundua kwamba alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza ualimu, akahangaika mpaka chuo kikampokea. Lakini kibali kilikuwa na masharti. Akifaulu mazoezi anaongezewa muda amalize. Asipofaulu, kibali kinakufa siku hiyohiyo, naye anarudi kambini.

"Mama yuko kule," akasema. "Ananisubiri nimutoe. Nikirudi kukaa pale naye, Madamu, sisi wawili tumekwisha."

Nilimwambia ale. Hakula.

Tangu hapo nami nikaanza kuogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka. Nilimfokea kwa mwandiko, nikamfokea kwa kusimama mbele ya ubao akaziba maneno, nikamfokea kwa kuniitikia ndiyo kabla sijamaliza kumfokea. Jioni ileile ya maharage aliniletea pia andalio la somo la Jumatano nilipitie niweke sahihi. Mikono yangu ilikuwa na maharage, jipu linapwita. Nilisoma kichwa tu: Jiografia, ramani ya kutoka shuleni hadi nyumbani. Kitu cha kila mwaka, kimo kwenye muhtasari. Nikasaini.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi ili lawama isije ikatafutiwa mtu mwingine.

Somo lilikuwa zuri, nisimnyime haki yake. Chuoni walikuwa wamemwambia zana zitokane na mazingira, naye hakuwa na senti ya kununua karatasi za manila. Akaenda kuomba mifuko mitupu ya saruji kwa fundi, akaikung'uta, akaipasua vipande arobaini na moja. Kila mtoto akapewa chake na kipande cha mkaa. Akawatoa nje, akawaonyesha jua linakotoka, akawaambia wachore shule, halafu njia, halafu kila kinachopitiwa mpaka kwenye mlango wa mama. Watoto wa Kisukuma, ambao kwangu husinzia, siku ile walichora ndimi zikiwa nje. Hawa ni watoto wanaochunga. Wanajua kila kijito na kila kichuguu.

Aliyewapita wote alikuwa Nyanzala, binti wa mzee Makoye. Miaka kumi, haongei darasani mpaka umlazimishe. Yeye alichora njia ya ng'ombe na njia ya watu, kila moja mbali. Akachora mto na pale unapovukika. Akachora jiwe la mpaka wa msitu wa serikali, na ng'ambo ya jiwe lile, ndani ya msitu, akachora zizi la baba yake na nyumba tatu.

Mimi nilijua zizi la Makoye liko ng'ambo ya jiwe, mahali pasiporuhusiwa kuishi mtu. Kijiji kizima kilijua, hata mwenyekiti. Lilikuwa jambo la kutosemwa, basi. Nikaiona ramani ile, nikasema "safi sana Nyanzala", nikapita.

Candide akapika uji mzito wa muhogo, akabandika ramani zote ukutani, safu kwa safu. Gelasius alikuja kuziona akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu sikukuu. Akasema mkufunzi akiona ukuta ule, hapo mtu ameshafaulu. Jioni ile Candide alikula sahani mbili. Aliosha vyombo akiimba kwa sauti ndogo, na mimi nikajikuta nimenyamaza ili nimsikie.

Alhamisi darasani walikuja watoto kumi na mmoja.

Tulisubiri. Candide aliita mahudhurio mara mbili, pengine hakusikia vizuri. Nikamwona rangi inamtoka. "Ni mimi," akasema. "Wamekataa mugeni." Nikamwambia asijipe umuhimu, labda kuna mnada wa ng'ombe. Lakini hata mimi sikuamini.

Saa nne wazazi wakafika, wanaume saba na fimbo zao, wakasimama kwenye mlingoti wa bendera. Hawakupiga kelele. Mzee Makoye ndiye aliyekuwa mbele, mrefu, shuka begani, na Gelasius akatoka kumpokea huku akifunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeshafungwa.

"Tumefuata karatasi," akasema Makoye.

"Karatasi gani, mzee wangu?"

"Unazijua. Mtu wa nje amekuja juzi kwa treni. Leo ana nyumba zetu zote ukutani, na njia ya kufikia. Wewe ungelala?"

Gelasius akaanza kueleza habari za muhtasari na Wizara. Makoye alimwacha amalize, kisha akasema taratibu kwamba kule walikotoka kabla ya kuhamia Magamba pia vijana wawili walikuja na karatasi. Wapole tu, wakapewa maziwa, wakachora. Baada ya miezi mitatu yakaja magari, na kila nyumba iliyokuwa kwenye karatasi ikabomolewa. Nyumba ambayo haikuchorwa iliachwa.

"Mkufunzi anakuja kesho," akasema Gelasius. "Zikishaonwa, Jumamosi mje mchukue. Hazitaguswa na mtu."

"Anayekuja kesho naye ni mtu wa serikali?"

Gelasius hakujibu, na hapo ndipo alipoharibu zaidi. Wale wanaume waligeuka wakaondoka. Makoye akasema bila kutazama nyuma kwamba watoto wao hawana shule tena.

Nilichemka. Nilimchukia Makoye kwa kutuharibia, nikamchukia Gelasius kwa kujiumauma, na Candide kwa kutojua kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Nilipogeuka kutafuta mtu wa kumalizia hasira, nikamkuta amekaa chini barazani, mgongo ukutani.

"Madamu," akasema, "walichora kwanza, ndiyo wakabomoa?"

"Ndivyo anavyosema."

Kisha akanieleza, na sijawahi kumhadithia mtu mpaka leo. Mtaani kwao, kabla ya zile siku mbaya, alipita mtu na daftari. Aliuliza hapa nani anakaa, na pale, na mlango wa nyuma unatokea wapi. Baba yake alimpa kiti. Candide mwenyewe ndiye aliyempa maji ya kunywa na kumwonyesha njia ya mkato kwenda kwa jirani. Wiki mbili baadaye watu walikuja na hawakuuliza njia.

"Nimefanya vile alivyofanya yule," akasema. "Hata mimi watoto walinipa maji."

Nilimwambia si kitu kimoja. Nikambembeleza, mimi, ambaye kubembeleza sijui. Nikamwambia avumilie siku moja tu, mkufunzi aone ukuta wake, Jumamosi tuzirudishe na kuomba radhi. Bila zile ramani hana zana, na bila zana mkufunzi atamkata alama vibaya. Nikamtajia kibali. Nikamtajia mama yake. Ndiyo, nilimtajia.

"Mama angejua zimelala ukutani," akasema, "asingenifungulia hema."

Ijumaa kulipopambazuka kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilimkuta darasani anabandua karatasi kwa maji ya uvuguvugu, polepole zisichanike. Uji wa muhogo unashika. Nilisimama mlangoni nikiwa na maneno mengi ya kumwambia, halafu nikachukua kitambaa nikaanza upande wa pili. Tulipomaliza, ukuta ulikuwa na mabaka arobaini na moja meupe.

Saa kumi na mbili na nusu tuliondoka. Nyumbani kwa Makoye sikuwa nimewahi kufika, naye Candide ndiyo kabisa. Tukafika kwenye njia panda ya kwanza tukasimama kama mazuzu, kisha Candide akatoa ramani ya Nyanzala. Tukaifuata. Kichuguu kilikuwepo. Mto ulivukika palepale alipochora. Kwenye jiwe la mpaka ndipo nilipoelewa vizuri kile ambacho yule mzee alikuwa anakiogopa. Karatasi ya mtoto wa Darasa la Tatu ilitufikisha mpaka mlangoni bila kuuliza mtu.

Makoye alikuwa kwenye zizi, anaota moto wa kinyesi cha ng'ombe. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma. Akaitikia, akaagiza vigoda. Hasira haikumzuia kutupa vigoda.

"Mmefikaje hapa?"

Nakiri, nilitaka kudanganya. Candide akaniwahi. Akapiga magoti, akampa ramani ya Nyanzala kwa mikono miwili. "Kwa hii, mzee," akasema. "Inafika. Ulikuwa na haki ya kuogopa."

Makoye aliitazama muda mrefu. Sidhani kama alijua kusoma, lakini ile aliisoma. Nyanzala alikuwa mlangoni na kata mkononi, hathubutu kusogea, na baba yake akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyefanya jambo kubwa na baya kwa wakati mmoja. Kisha Candide akamkabidhi zile arobaini nyingine. Mzee alizihesabu zote, akaziweka motoni moja moja. Mfuko wa saruji hauna haraka ya kuungua. Tulikaa tunautazama moshi na mimi nawaza saa tatu.

Ilipobaki ya mwisho akamuuliza Candide, "Na ya kwako wewe iko wapi?"

"Mimi sina nyumba ya kuchora."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Makoye akaitia ile ya mwisho motoni. Akamwambia Nyanzala avae sare, akatuma neno kwa jirani zake, na sisi tukaanza kurudi mbio, sketi mkononi.

Tulifika saa tatu na nusu, umande na matope mpaka magotini. Pikipiki ya mkufunzi ilikuwa imeshapoa. Mwalimu Josephat alikuwa amesimama katikati ya darasa anatazama mabaka ya uji ukutani, na Gelasius pembeni yake akitoka jasho. Watoto walikuwa wale kumi na mmoja. Candide alisalimu, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasimama mbele. Hakuniuliza asimame upande gani.

Hakuwa na zana. Andalio lake lilisema "wanafunzi watasoma ramani zilizo ukutani". Nilikaa nyuma, kucha mdomoni, mimi mtu mzima. Nikajua anatafuta la kufanya na hana.

Ndipo watoto wakaanza kuingia. Wawili, halafu sita, halafu kundi zima na vumbi lao, Nyanzala mbele, na nyuma yao mzee Makoye. Aliinama asigonge kizingiti, akakaa kwenye dawati la mwisho karibu yangu, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu Josephat alinyanyua nyusi.

Candide alimtazama Makoye. Kisha akageukia ubao akaanza kuchora. "Hii ni njia ya kwenda kwetu," akasema.

Alichora kanisa, soko, mto na daraja lake. Akawauliza watoto kaskazini ni wapi, wakamwambia. Akachora njia ya mkato, hapo chaki ikakatika, akaokota kipande akaendelea. Akachora ua, jiko la nje, mti wa parachichi, mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Watoto walimuuliza maswali mpaka mkufunzi akaacha kuandika. Mto una mamba? Daraja ni la nini? Kutoka hapa ni siku ngapi kwa miguu? Kila moja alilijibu bila kunitazama.

Mwishoni Nyanzala, ambaye hanyooshi kidole, alinyoosha. "Mwalimu, sasa hivi anakaa nani hapo?"

"Sijui," akasema Candide. "Sisi tulitoka kwa mlango huu wa nyuma."

Kengele ikagongwa. Watoto walitoka taratibu kuliko kawaida yao.

Mwalimu Josephat alituita nje, mimi na Gelasius. Alisema somo halikufuata andalio, zana hakuna, mwanachuo amechelewa nusu saa, na kuna mzazi darasani bila maelezo. Kisha akafungua fomu, akaandika C, akaigeuza tuione. C ni kufaulu, kwa kuponea chupuchupu. "Ule mchoro ubaoni usifutwe," akaongeza akivaa kofia yake. "Jumatatu napita tena na wanachuo wenzake, nataka wauone."

Nilikimbia ndani kumwambia Candide amefaulu. Alikuwa amesimama kando, mikono imeshika sweta, na mzee Makoye yuko ubaoni, kifutio mkononi.

"Mkufunzi amesema usifutwe," nikasema.

"Hii ni nyumba ya watu, mwalimu," akajibu Makoye. "Haiachwi ukutani."

Akaendelea kufuta. Alianza na njia. Alifuta njia kubwa, akafuta ile ya mkato, akafuta kanisa na soko, na nyumba akaiacha mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka Candide, ya kwanza tangu ashuke kwenye treni, na hakuyafuta.

"Na daraja, mzee," akasema. "Daraja pia."